Sura ya Tano: Koti Lililofuliwa Likiwa Safi

"Siingii," alisema Jaji.

Inspekta alikuwa ameshausukuma mlango wa duka la dobi nusu. Akageuka kumtazama. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na marehemu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nje, amevaa suruali iliyonyooka, viatu vya kung'aa, na juu fulana nyeupe isiyo na mikono. Moyo ulimgomea Jumatatu alfajiri akiwa hajamaliza kuvaa, na mtu anavyokutwa ndivyo anavyobaki.

"Mheshimiwa, umenifuata kwa miguu kutoka kituoni," alisema Inspekta kwa sauti ya chini. "Njia nzima unanisomea sheria ya ushahidi. Sasa tumefika, unagoma tena kama jana?"

"Sigomi. Nabaki hapa nje."

"Kwa sababu gani?"

"Sina koti," alisema Jaji, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyekutwa akitoka kuoga.

Mwingine angesema mzee wa watu anaringa. Lakini Inspekta alikuwa na miaka kumi na mitatu kazini, na alijua kwamba shahidi akikataa kuingia mahali, kule kukataa nako ni maelezo. Akaliweka hilo kichwani, maana kwenye daftari asingeweza kuliandika. Jicho la kuona wafu alilirithi kwa bibi mzaa mama, pamoja na miguu mikubwa, na vyote viwili alivificha kadiri alivyoweza. Mahakama haipokei maneno ya marehemu. Kila alichoambiwa na aliyekufa ilimbidi akitafute upya kwa walio hai. Na nje ya kazi ndiyo usiseme. Wachumba wawili walishamkuta akibishana na kiti kitupu. Wa kwanza aliaga kwamba anatoka kununua gazeti, na huu ni mwaka wa sita hajalipata.

Shauri lenyewe, kwa kulitazama, lilikuwa dogo. Koti moja jeusi la Jaji mstaafu, lililoletwa kwa dobi Alhamisi iliyopita, halionekani. Binti yake alikuja kulichukua jana, Jumatano, akaambiwa limepotea, akaenda moja kwa moja polisi. Baba yake alizoea kuweka karatasi za maana kwenye mfuko wa ndani wa koti lile, na hati ya nyumba haijulikani iliko. Mlango wa duka haukuvunjwa. Wenye funguo ni wawili tu: Mama Dobi, mwenye duka, na fundi wake wa pasi. Mama Dobi ana miaka sitini na sita na goti bovu, kwa hiyo mkuu wa kituo alikwishaamua. Ikifika saa kumi jioni koti halijapatikana, fundi wa pasi analala ndani.

Saa mbili zilikuwa zimebaki, na Inspekta hakutaka fundi yule alale ndani. Hakutaka kabisa, kuliko inavyomfaa askari.

Walimwita Mstari, kwa ajili ya ule mstari anaoutia kwenye suruali. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole wa maneno, na mvuke ulikuwa umemlainisha uso. Alikuwa kwenye meza yake mwisho wa chumba. Mama Dobi alikaa nyuma ya kaunta, mikono mapajani.

"Karibu tena, afande," alisema Mstari bila kuinua macho. "Nisamehe sisimami, pasi ikikaa inaunguza."

"Endelea tu."

Akaendelea, na Inspekta akatazama. Jana pia alitazama, akasahau swali la nne. Mezani palikuwa na shati la shule la mtoto, kola imechakaa, kifungo kimoja si cha rangi yake. Mstari alilinyunyizia maji, akalilaza bega kwenye ncha ya meza, akaipitisha pasi taratibu mpaka pembe ya kola, akageuza, akarudia upande wa ndani ambao hakuna mwalimu ambaye angeuona. Baada ya shati ikafuata suti ya mkurugenzi fulani. Ikapata mkono ule ule na dakika zile zile. Inspekta alikuwa ameona watu hodari katika maisha yake, madaktari wa upasuaji, wazima moto, na mwizi mmoja wa kike aliyefungua makufuli kwa njiti. Lakini mtu anayemheshimu mtoto wa darasa la pili kupitia kola yake, huyo alikuwa hajamwona.

Akajikaza kisabuni, akafungua daftari.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa, halafu hospitali. Jumanne napeleka shuka."

"Ulipotoka, koti la Jaji lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Uliporudi?"

Pasi ikasita. "Niliporudi nilifunga duka."

"Sikukuuliza ulifunga nini. Nimeuliza kama koti lilikuwepo."

"Hilo sitajibu, afande."

"Unajua saa kumi kinatokea nini?"

"Najua," alisema Mstari. "Ndiyo maana naharakisha nguo za watu. Nisije nikaondoka nikawaacha wateja hawana cha kuvaa kesho."

Inspekta akafunga daftari. Ikiwa huyu ni mwizi, alijiambia, basi mimi ni mwanasesere.

Akaanza upya kama vile hajawahi kufika. Makoti meusi kwenye reli yalikuwa kumi na moja. Akayatoa moja moja, akasoma kikaratasi cha namba kilichobanwa kwa pini kwenye kila kola, akalinganisha na kitabu cha mapokezi. Huenda lilibadilishana na la mtu mwingine. Halikubadilishana. Akapima dirisha la nyuma, na paka angepita kwa shida. Jirani alikuwa ameapa kwamba alimwona Mstari na furushi Jumanne jioni, lakini furushi lile lilikuwa shuka za hospitali. Akaomba kufungua sanduku la Mstari. Ndani mlikuwa na shati moja, mswaki, na kopo la vifungo vilivyookotwa sakafuni, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi yenye namba ya mwenyewe.

Kisha akakaa na kitabu. Dobi mwenye akili huandika doa kabla hajapokea nguo, asije akasingiziwa. Mchuzi, wino, kutu, damu ya pua. Akatafuta la Jaji. Alhamisi iliyopita: namba mia tatu kumi na nane, koti jeusi, doa hakuna. Alhamisi iliyotangulia: doa hakuna. Akarudi nyuma mwezi, akarudi mwaka, akavuta vitabu vya zamani kutoka chini ya kaunta na vumbi lake. Miaka kumi na moja. Kila Alhamisi koti lile lile, na kila Alhamisi hakuna doa. Siku nyingine zote mwandiko ulikuwa wa Mstari. Alhamisi ulikuwa wa Mama Dobi, na goti lake bovu, amesimama kaunta mwenyewe.

Inspekta akatoka nje.

"Mheshimiwa, hili koti lako lilikuwa linachafukia wapi?"

Jaji akatazama barabara. "Vumbi."

"Dobi hakuliona vumbi hilo miaka kumi na moja."

"Shahidi halazimishwi kujitia hatiani."

"Ulikuwa unamletea nguo safi afue."

Jaji alitazama viatu vyake. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mahakamani.

"Liache lipotee, afande. Mfukoni hamna hati ya nyumba, hati iko kwa wakili wangu. Mna barua. Niliiweka makusudi, kwa sababu nilijua mfuko hukaguliwa kabla ya kufua. Nikangoja Ijumaa. Nikangoja Jumamosi na Jumapili, simu mkononi kama kijana wa sekondari. Jibu nililipata, nalo lilikuwa kimya. Jumatatu ndiyo hiyo unayoijua."

Inspekta alimhurumia. Huyu ndiye mtu aliyehukumu mashauri makubwa bila kupepesa, na sasa alikuwa anaogopa mlango kwa ajili ya mwanamke mmoja aliye umbali wa hatua sita.

"Kwa hiyo ndiyo maana huingii."

"Nimekataliwa, na nina fulana. Mtu ana kiasi chake cha aibu."

Inspekta alipoinua macho alimwona Mstari dirishani, chupa ya maji mkononi, akimtazama yeye anavyoongea na ngazi. Akajifanya anakohoa. Mstari hakukohoa. Haya, alijisemea Inspekta, na huyu naye sasa anatafuta kisingizio cha kutoka.

Lakini saa haikungoja. Alichoambiwa na Jaji kilikuwa sababu, na sababu isiyoandikika haimtoi mtu ndani. Alihitaji kitu cha kushikika. Akarudi kaunta, akautazama ukuta uliokuwa nyuma yake, na hapo ndipo alipouona msumari.

Ulikuwa msumari mrefu, na kila aliyefanya kazi pale aliutumia bila kuufikiria. Nguo inapochukuliwa, anayeitoa huchomoa kikaratasi cha namba kwenye kola na kukichomeka kwenye msumari, kimoja juu ya kingine, mpaka mwezi uishe. Mwizi hana shughuli na msumari. Mwizi anabeba koti na namba yake, anapotea. Lakini mtu aliyekaa kwenye udobi miaka arobaini hawezi kuitoa nguo dukani bila kukichomoa kikaratasi chake. Hata awe analia. Hata awe anaiba. Mkono unafanya wenyewe.

Inspekta akavivua kimoja kimoja, polepole, akavipanga juu ya kaunta kwa safu. Vya Jumatano vilikuwa tisa. Chini yake, kimetulia mahali pake, kilikuwepo cha namba mia tatu kumi na nane. Na chini ya hicho kilikuwepo cha mwisho cha Jumanne, cha mwalimu wa kuogelea, ambaye saini yake kitabuni ilikuwa ya saa kumi na moja kamili.

Vilipolala mezani ndipo alipoona jambo la pili. Baadhi vilitobolewa pembeni kabisa, tundu dogo safi. Vingine vilitobolewa katikati, namba imepasuka.

"Mama, hivi vya pembeni ni vya nani?"

"Vya Mstari," alijibu Mama Dobi kabla ya kuwaza. "Nimemkemea mara ngapi. Ukitoboa pembeni kinachanika. Hasikii, ati namba isiumizwe."

Kikaratasi cha koti la Jaji kilikuwa kimetobolewa katikati. Mama Dobi alikitazama, na uso ukamshuka.

Inspekta akapiga simu mapokezi ya hospitali. Walimkumbuka fundi vizuri. Jumanne alifika saa kumi na moja na robo, lifti mbovu, akapandisha shuka ghorofa tatu kwa ngazi, akaondoka saa moja kasoro robo, saini ipo. Safari ya kwenda ni robo saa. Mwalimu wa kuogelea alipokuwa anatia saini yake, Mstari alikuwa ameshaiondoa miguu yake dukani. Na hata baada ya kurudi, tundu la katikati halikuwa la mkono wake.

Saa kumi kasoro dakika tano mlango ukafunguliwa. Binti wa Jaji aliingia na nguo zake nyeusi, macho yamevimba kwa kilio cha siku tatu na mdomo umekazwa kwa hasira ya siku moja.

"Afande, limepatikana?"

"Dada, kaa kidogo." Inspekta akamgeukia mwenye duka. "Mama..."

Mstari akaisimamisha pasi. "Afande, andika. Nililichukua mimi."

"Ukalipeleka wapi?"

"Nililitupa."

"Wewe," alisema Inspekta. "Wewe unayeokota vifungo vya watu sakafuni na kuviandikia namba. Ulitupa koti."

Mstari aliinama kutafuta kifungo ambacho hakikuwepo sakafuni. Uongo haukumkaa hata kidogo, na Inspekta alizidi kumpenda kwa hilo.

"Acha, mwanangu," alisema Mama Dobi. "Inatosha."

Alinyanyuka kwa kushika kaunta, akaenda chumba cha ndani, goti likilalamika kila hatua. Akarudi na koti jeusi likiwa kwenye kiango cha nguo, limefunikwa kitambaa cheupe, mabega yamejazwa karatasi laini yasianguke.

"Nililichukua mimi," alimwambia binti. "Jumatatu nilipopata habari sikujua pa kwenda kulia. Mimi si mke, si ndugu. Hata msibani ningekaa upande gani? Nikaona walau koti, nilitazame nyumbani kwangu. Ulipokuja jana nilitaka kukupa, ulimi ukanisaliti, nikasema limepotea. Huyu fundi alijua tangu Jumanne. Akaniambia ninyamaze, afadhali yeye alale ndani kuliko mimi kuulizwa mbele za watu nilikuwa nani kwa baba yako. Usiku mzima nimejiona mnyama. Leo nisingemwacha aondoke."

Inspekta aliona bahasha ya kaki imening'inia kwenye kiango, imebanwa pini mbili, imeandikwa namba.

"Hukuifungua, mama?"

Mama Dobi akaonyesha kibao ukutani. KILICHO MFUKONI NI CHA MWENYEWE. "Kibao nimekiandika mimi. Alhamisi nilikagua mfuko, nikakuta karatasi, nikaitia kwenye bahasha bila kuitazama, kama za wateja wote. Karatasi za mahakama si za kuchungulia."

Nje kwenye ngazi, Jaji alijishika kichwa. "Miaka arobaini ya sheria," alisema, "na sikuuliza utaratibu wa duka."

Inspekta aliifungua mbele ya mashahidi watatu walio hai, kama taratibu zinavyotaka. Hapakuwa na hati ya nyumba. Hiyo, akamwambia binti, aiulizie kwa wakili wa marehemu. Palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, juu imeandikwa jina la mwenye duka. Akampa. Mama Dobi alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Nisomee, afande. Sioni."

Inspekta akasoma. "Kwa kuwa nimekuletea koti safi kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja; na kwa kuwa hukuniuliza hata mara moja kwa nini, bali ulilifua kama lina doa; na kwa kuwa siku nyingine sita za wiki huwa nazihesabu tu; naomba uamuzi wako juu ya ombi langu la kukuoa. Niko tayari kusubiri, ila si sana, maana umri umekwenda."

Binti alikaa kwenye benchi la wateja. "Alituambia Alhamisi anakwenda maktaba," alisema. "Tunamwambia, baba, koti ni safi, unalipeleka la nini. Anasema nyinyi watoto hamwoni vizuri." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akakiacha kiende. "Afande, futa malalamiko yangu. Na koti ni lako, mama. Msibani unakaa na mimi."

"Mama, mpe jibu lake," alisema Mstari. "Yupo mlangoni."

Wote wakamtazama. Inspekta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tangu jana afande anaongea na mtu pale ngazini," aliendelea Mstari, taratibu kama anavyofanya kazi. "Nilidhani ni simu. Halafu nikaona macho yake yanatua wapi. Nimelipiga pasi koti la Jaji miaka yote hiyo, najua kola yake inafika kimo gani. Na afande akitoka mlangoni anampisha mtu, anaacha nafasi ya mabega yale yale."

"Ni kweli?" aliuliza Mama Dobi.

Inspekta angeweza kukohoa tena. Alimtazama Mstari, aliyekuwa bado amesimama pale pale, hajasogea hata hatua moja kuelekea mlangoni.

"Ni kweli, mama. Yupo. Anaona haya kuingia kwa sababu amevaa fulana."

"Mwambie mimi ni dobi. Nimeona fulana za mji mzima." Mama Dobi akaugeukia mlango, akanyoosha mgongo. "Ndiyo," alisema. "Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa nangoja uulize. Ingia ndani, baba."

Akalishika koti mabegani, akalifungua kama anavyomfungulia mteja. Jaji alipita kizingiti, akageuza mgongo, akaingiza mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Koti lilibaki mikononi mwa Mama Dobi, na wakati huo huo Jaji alikuwa amelivaa, limemkaa vizuri, hana tena wa kumwonea haya. Inspekta akamwambia Mama alivyo. Alimweleza kila kitu, mpaka kifungo cha chini alichokisahau.

Kisha akasogea mwisho wa chumba, akaandika daftarini: mali imepatikana, hakuna kosa. Akatia saini. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Uko huru," alimwambia Mstari. "Na hukukimbia."

"Nikimbie nini?"

"Mwanamke anayeongea na ngazi. Wenzako walikimbia."

"Mimi nilikuwa natazama ulivyovipanga vile vikaratasi," alisema Mstari. "Vyote vile, na hukupasua hata kimoja. Sijawahi kuona mtu makini namna ile. Nikasema, huyu hata akinipeleka ndani, atanipeleka kwa haki."

Inspekta aliyekuwa amehoji wauaji bila kigugumizi aliyapata maneno machache tu. "Nimekupenda," alisema. "Tangu jana asubuhi. Isingekuwa sawa kusema kabla sijafunga faili."

Masikio ya Mstari yakawa moto. Akaikunja suti ya mkurugenzi, ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Jumapili nina nafasi," alisema. "Kama hutajali, Jumapili tungeweza kukaa mahali, tukaongea."

Inspekta akageuka kidogo. Kwenye benchi la wateja Mama Dobi alikuwa ameketi na barua kifuani, akimsimulia mtu ambaye hamwoni mambo ya miaka kumi na moja, kwa haraka, akirukia huku na huku. Na Jaji, kando yake, alikuwa anainua mkono kumgusa shavu, unapita, anauinua tena.

"Jumapili ni mbali," alisema Inspekta. "Leo unafunga saa ngapi?"